Kitawi cha Mwaloni

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Mji una Waafrika wengi kiasi kwamba unanunua unga wa sembe dukani bila kuulizwa unaupikaje. Nilipomtembelea ilikuwa mwezi wa tano, wiki ya kufunguliwa msimu wa uvuvi, na Jumamosi saa kumi alfajiri akaniamsha: "Dogo, amka. Mtu wa Mwanza hawezi kuja huku asione ziwa."

Tukaendesha kama saa moja na nusu kuelekea kaskazini, boti ndogo ikiburutwa nyuma ya gari, hadi ziwa Mille Lacs. Njiani akanipa kijitabu cha kanuni nimsomee. Aisee, huku samaki ana urefu wa kisheria! Ukimvua nje ya kipimo unamrudisha majini. Samaki wanaotafutwa zaidi huitwa walleye kwa Kiingereza. Waojibwe, wenyeji wa nchi ile kabla ya Wazungu, humwita ogaa. Macho yake makubwa hung'aa gizani ukiyamulika na taa.

Tulipofika mwaloni (nitalirudia neno hili) kaka akaniambia jambo ambalo wavuvi wenzake humwambia kila mwaka. "Unajua Waojibwe wanavua kabla msimu haujafunguliwa? Wanatega nyavu, wanachoma kwa chusa usiku. Mimi nikifanya hivyo nafungwa. Sasa hiyo ni haki?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu isiyohusiana. Nyavu za baba yangu mdogo zilichomwa moto ufukweni, mbele ya macho yake, kwa kosa la kuwa na matundu madogo kuliko kipimo. Labda yalikuwa madogo kweli. Linaloniuma hadi leo si kipimo. Ni kwamba katika kutunga kanuni ile hakuna aliyekaa chini na watu kama yeye akawauliza wataishije. Kwa hiyo swali la kaka likaniingia vibaya, nikaanza kusoma. Haya ni majibu yangu kwake, yamechelewa kidogo.

Inaanza Julai 1837, kwenye ngome ya Fort Snelling, pale mto Minnesota unapoungana na Mississippi. Serikali ya Marekani ilitaka misonobari ya Waojibwe, kwa kuwa miji ilikuwa inajengwa na mbao zilihitajika. Henry Dodge, gavana wa eneo la Wisconsin, alitumwa kununua ardhi kubwa ambayo leo imegawanyika kati ya Wisconsin na Minnesota, na Mille Lacs imo ndani yake. Bei iliandikwa kwa miaka 20: kila mwaka fedha taslimu dola 9,500, bidhaa za dola 19,000, tumbaku ya dola 500, na mengineyo. Dola 70,000 zilitengwa kulipa madeni ambayo wafanyabiashara walidai Waojibwe wanadaiwa. Hilo la madeni sina haja ya kulieleza kwa msomaji aliyekulia karibu na duka la kijiji.

Kilichonishika ni kumbukumbu za mkutano. Katibu wake aliitwa Verplanck Van Antwerp, na aliandika hotuba za machifu siku baada ya siku. Siku moja alisimama kiongozi aitwaye Magegawbaw. Alisema kwamba katika nchi yote wanayoitoa wanataka kubaki na mti mmoja unaowapa maisha, pamoja na vijito wanavyokunywa maji. Kisha akaweka kitawi cha mwaloni juu ya meza, karibu na ramani, akasema mti huu si wa aina ile mnayoitaka ninyi. Kila majani yake yanapodondoka, tutahesabu kwamba kipupwe kimoja kimepita.

Hapa lazima nicheke. Kwa msomaji wa Biblia ya Kiswahili mwaloni ni mti, ule wa Mamre alipokaa Ibrahimu. Kwa mtu wa Mwanza mwaloni ni mahali: mwalo, boti zinapofikia na samaki wanaposhushwa. Nilisoma ukurasa ule mara mbili nikiona soko la Kirumba kichwani, wakati mzee wa watu ameshika tawi.

Lakini mtazame katibu. Baada ya kuandika hotuba ile, akaongeza maoni yake: kwamba maneno haya ni upuuzi, ila ameyaandika kama yalivyotoka kwa wakalimani, ambao hawafai kwa kazi hiyo, na kwamba anadhani maana yake ni kwamba Wahindi wanataka kubakiza ruhusa ya kuwinda na kuvua katika ardhi hiyo na kutengeneza sukari kutokana na miti. Sukari ile hupatikana kwa kugema mti mwanzoni mwa majira ya kuchipua na kuchemsha utomvu hadi uwe mzito, kazi ambayo mgema wa tembo wa mnazi angeielewa bila mkalimani yeyote.

Sisi tunaopenda vitabu tumezoea kuzungumzia tafsiri kama suala la ladha: fulani katafsiri vizuri, fulani kaharibu mashairi ya watu. Hapa tafsiri ndiyo mali yenyewe. Mtu anasema kwa taswira, mkalimani anatoa neno kwa neno, karani anaona upuuzi, lakini karani huyo huyo anakisia maana na kukisia kwake kunakaribia ukweli. Bahati nzuri alikuwa na adabu ya kazi: hakufuta asichokielewa. Angekifuta, sijui mahakama za baadaye zingesimama juu ya nini.

Siku nyingine akazungumza chifu wa Leech Lake, Eshkibagikoonzhe, aliyejulikana kwa Wazungu kama Flat Mouth, naye akasema bila mafumbo: watu wake wako tayari kutoa ardhi, ila wanataka waendelee kugema miti na kupata riziki katika maziwa na mito kama siku zote, kwa kuwa bila maziwa na mito hawawezi kuishi. Gavana akaahidi. Ahadi ikawa kifungu cha 5 cha mkataba: kuwinda, kuvua na kukusanya mpunga wa mwituni kumedhaminiwa kwa Wahindi kwa muda utakaompendeza Rais wa Marekani.

Soma tena mwisho wa sentensi hiyo. Neno la Kiingereza lililotumika mwanzoni liko karibu zaidi na ruhusa kuliko haki, na mwisho wake umefungwa kwenye kupendezwa kwa mtu mmoja. Kwa Kiswahili ningeandika "kwa radhi ya Rais", na hapo hapo ningekuwa nimedanganya, maana radhi kwetu ni kitu cha mama na mtoto, ina baraka ndani yake. Sijui Kiojibwe. Lakini ningetoa chochote kujua neno walilolisikia machifu kutoka kwa wale wakalimani "wasiofaa", lile pendezo la Rais liliposomwa.

Rais alichoka kupendezwa mapema. Tarehe 6 Februari 1850 Zachary Taylor alitoa amri ya kufuta ruhusa hizo na kuwataka Waojibwe wahame ardhi waliyoiuza. Ili wahame, maofisa wakahamisha mahali pa kulipia malipo ya mwaka, kutoka kisiwa kilichoko ziwa Superior hadi Sandy Lake, mbali ndani ya Minnesota. Watu walifika mwishoni mwa mwezi wa kumi. Malipo hayakuwepo. Chakula kilikuwa kidogo, tena kilichooza. Surua na kuhara damu vikaingia kambini. Mwanzoni mwa Desemba wakapewa sehemu tu ya walichodai, maji yakiwa yameshaganda na mitumbwi haina kazi tena. Wakarudi kwa miguu katika theluji. Waliofia kambini na njiani wanakadiriwa kuwa karibu 400.

Mwaka 1852 chifu mzee aitwaye Kechewaishke, kwa Wazungu Buffalo, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, alipanda mtumbwi wa magamba ya mti, akaenda hadi Washington, sehemu nyingine kwa meli na treni. Kijana aliyefuatana naye kama mkalimani aliitwa Benjamin Armstrong. Rais alikuwa sasa Millard Fillmore, na amri ya kuwahamisha ikasitishwa. Angalia tena nani amesimama katikati: mkalimani.

Baadaye ukaja mkataba wa 1855 uliowawekea Waojibwe wa Mille Lacs eneo lao, na mwaka 1858 Minnesota ikawa jimbo. Jimbo maana yake Bunge, na Bunge maana yake sheria za wanyama na samaki. Marekani, wanyamapori na samaki husimamiwa zaidi na majimbo kuliko serikali ya Washington. Kwa zaidi ya karne, Mwojibwe aliyevua au kuwinda nje ya eneo lake bila leseni alikamatwa kama mwizi. Mkataba ulikuwa kabatini.

Uliotoka kabatini kwanza ulitokea upande wa Wisconsin. Mwaka 1974 ndugu wawili wa Lac Courte Oreilles, Fred na Mike Tribble, walitoboa barafu kwenye ziwa upande ulio nje ya mpaka wa eneo lao, wakachoma samaki kwa chusa, wakakamatwa. Walikuwa wamejipanga wakamatwe. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba haki za mikataba hazijafa. Basi mialo ya kaskazini mwa Wisconsin ikawaka. Kila majira ya kuchipua, kati ya katikati ya miaka ya 1980 na 1991, Waojibwe walipoteremsha boti usiku walikuta umati unawasubiri: matusi, mawe, na mabango yaliyosema okoa samaki, choma Mhindi. Jaji wa shirikisho Barbara Crabb ndiye aliyetoa zuio dhidi ya wasumbufu mwaka 1991.

Wabunge wa Minnesota walikuwa wanatazama yote hayo kwa jirani yao. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo historia hii inapoacha kuwa ya Waojibwe na serikali tu, inakuwa ya watu wa kawaida waliochaguliwa kwa kura wakipewa nafasi ya kumaliza jambo.

Jamii ya Waojibwe wa Mille Lacs ilifungua kesi mwaka 1990. Serikali ya gavana Arne Carlson na Idara ya Maliasili, wakijua Wisconsin ilishindwa mahakamani na kuaibika mialoni, wakaona heri wapatane. Mapatano yaliyofika bungeni mwaka 1993 yalikuwa hivi: jimbo lingetoa dola milioni 8.6 na ekari 7,500 za ardhi, na jamii ingepata sehemu yake maalumu ya kuvulia, asilimia 4.5 ya ziwa. Nao wangekubali mipaka katika uvuvi wao kwingineko. Asilimia 4.5 ya ziwa ambalo babu zao walisema hawawezi kuishi bila nalo.

Kilichobaki ni Bunge kuridhia. Wapinzani walijaa Saint Paul. Aliyewapa sauti kubwa ni Bud Grant, kocha aliyeipeleka timu ya Vikings mara nne kwenye fainali kuu ya mpira wa Kimarekani, mwindaji na mvuvi mwenyewe. Hebu vuta picha kocha aliyezipa Simba na Yanga ubingwa kwa zamu anasimama ngazini mwa Bunge kusema samaki wetu wasigawiwe. Utapiga kura gani, mheshimiwa, na uchaguzi uko mlangoni? Hoja yao nikiisoma leo haikuwa ya kijinga yote. Walisema sheria moja kwa watu wote. Ni sentensi nzuri, nami ningeipigia makofi popote. Shida yake ni moja: ilisemwa na waliokuja wa pili, kuwaambia waliouza ardhi kwa masharti, kwamba uuzaji unabaki ila masharti yamefutwa kwa ajili ya usawa.

Bunge likakataa. Nadhani wengi waliamini jimbo lingeshinda kortini. Wengine, kama wabunge wa kwetu tu, waliona afadhali kushindwa na jaji kuliko kushindwa na wapiga kura. Mwaka 1994 jaji Diana Murphy akasema haki zipo. Kaunti tisa na baadhi ya wamiliki wa ardhi wakawa wamejiunga na jimbo katika kesi. Ikaenda juu, ikaenda juu tena.

Kabla haijafika mwisho, Bunge hilo hilo lilipeleka kwa wananchi marekebisho ya katiba ya jimbo. Novemba 1998 yakapita kwa kura nyingi: kuwinda na kuvua ni sehemu ya urithi yenye thamani, nako kutahifadhiwa milele kwa ajili ya watu, na kusimamiwa kwa sheria kwa manufaa ya umma. Wapo waliotaka kujikinga na wanaharakati wa haki za wanyama. Sina ugomvi nao. Ila ukikiweka kifungu hicho pembeni ya kitawi kile cha mwaloni, unaona ni ombi lile lile. Wajukuu wa wahamiaji waliogopa kwamba siku moja mwenye mamlaka ataacha kupendezwa na uvuvi wao, wakataka iandikwe. Wao waliandikiwa "milele", bila pendezo la rais yeyote.

Tarehe 24 Machi 1999 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 5 dhidi ya 4, hukumu ikiandikwa na Sandra Day O'Connor. Amri ya Taylor ilikuwa batili: hakuwa na mamlaka ya kuwahamisha watu, na kuwahamisha hakukuweza kutenganishwa na kufuta ruhusa. Mkataba wa 1855 haukutaja uwindaji wala uvuvi. Kuzaliwa kwa jimbo mwaka 1858 hakukuua kitu. Na mkataba wenye utata husomwa kama Wahindi wenyewe walivyouelewa siku ile. Waliuelewaje? Hapo ndipo daftari la Van Antwerp lilipofunguliwa, pamoja na maneno aliyoyaita upuuzi. Miaka 162, majani yamedondoka mara 162.

Nikasimama nikawaza habari za kwetu. Wamasai wa Kenya walifanya mapatano na Waingereza mwaka 1904, wakahamishwa, wakaahidiwa ardhi kwa muda wote watakaokuwepo kama kabila. Mwaka 1911 yakaja mapatano mengine, wakahamishwa tena. Wakaenda mahakamani, kesi inayoitwa ya Ole Njogo, na mwaka 1913 wakashindwa. Sababu? Kwamba yale ni mapatano kati ya mataifa mawili, hivyo mahakama haina uwezo wa kuyagusa. Neno lile lile, mkataba. Minnesota lilimrudisha mtu majini; Kenya lilimfungia mlango.

Sitaki kaka adhani baada ya 1999 kila kitu kilikaa sawa. Sasa kila mwaka jimbo na jamii nane za Waojibwe hukaa kukubaliana tani ngapi za samaki zitoke Mille Lacs salama, kila upande ukipewa sehemu yake. Ogaa wakapungua. Wavuvi wengi wakalaumu nyavu za majira ya kuchipua, wakati samaki wanataga. Wataalamu walikuwa na orodha ndefu zaidi: watoto wengi wa samaki wanaanguliwa ila hawafiki utu uzima, maji yamekuwa maangavu na ya joto kuliko zamani. Kome wadogo wenye milia kama punda milia, walioletwa na maboti kutoka kwingine na kuonekana ziwani humo mwaka 2005, huchuja maji hadi yakawa kama kioo. Na samaki mwenye macho ya usiku hapendi mwanga. Agosti 2015 jimbo lilimaliza mgawo wake, likafunga uvuvi wa ogaa katikati ya msimu. Hoteli za pembeni ya ziwa zikalia. Gavana Mark Dayton akataka kikao maalumu cha Bunge kuwasaidia, wabunge wakaunda kikundi cha kulichunguza, wakahojiana, na kikao hakikufanyika wakati ule.

Kuna jambo moja dogo ambalo nalitaja kwa kuwa hapa tunasoma vitabu. Mwaka 2008 wapiga kura wa jimbo walikubali kujiongezea kodi ya mauzo hadi 2034. Theluthi ya fedha huenda kwenye makazi ya wanyama na samaki, theluthi nyingine kwenye maji safi, kidogo kwenye hifadhi, na asilimia 19.75 kwenye sanaa na utamaduni, maktaba zikiwemo. Wawindaji na waandishi kwenye muswada mmoja! Mezani kwa kaka nilikuta vitabu vya watoto vya maktaba karibu na boksi la ndoano.

Siku ile tulipata samaki wawili, mmoja mrefu mno kwa kanuni, tukamrudisha. Jioni mwaloni palikuwa na foleni. Sheria inamtaka kila mwenye boti azibue kizibo cha chini na kumwaga maji yote kabla ya kuingia barabarani, ili asibebe kome kwenda ziwa jingine. Kaka alipiga magoti nyuma ya boti akahangaika na kizibo, mikono imekufa kwa baridi. Nikamwambia kwa kifupi niliyokuwa nimeanza kuyasoma kwenye simu: mkataba, mzee na tawi, karani na upuuzi wake.

Alinyamaza hadi maji yalipoisha kutoka. "Kwa hiyo sisi ndio tuko kwenye ardhi waliyouza," akasema. "Na wao walibakiza samaki." Akafuta mikono kwenye suruali, akaniuliza kama yule tuliyembakiza nitamla wa kukaanga au wa mchuzi.